Nyuma ya Mabega ya Marehemu Baba: Kuzitambua Picha Zake za Vita

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, na alipofariki alituachia daftari kubwa la stoo ambamo alikuwa amebandika picha zisizofika arobaini. Ni daftari la aina iliyotumiwa na makarani wa bandarini, lenye mistari myekundu ya hesabu, na nadhani alilipata alipoanza kazi Kilindini baada ya kurudi kutoka vitani. Chini ya picha hakuandika hata neno moja. Sisi watoto wake tulikua tukilifungua daftari hilo siku za Idi, na kila mmoja alizipa picha majina ya mahali kama alivyosikia kwa mkubwa wake: hii ni Uhabeshi, hii ni Burma, hii ni Bombay. Baba mwenyewe alipoulizwa alijibu "tulipita", kisha akahamisha mazungumzo kwenye injini za malori, jambo ambalo alilipenda zaidi kuliko vita.

Naandika haya kwa sababu nimekwisha kuzitambua nyingi kati ya picha hizo, na kwa sababu najua kwamba ziko nyumba nyingine hapa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo na Changamwe, ambazo zina picha zisizo na majina za askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Jambo moja nililojifunza, nalo ndilo lililonisaidia kuliko mengine yote, ni kwamba sura ya mzee wako haikwambii yuko wapi. Kinachokwambia ni kile kilichoko nyuma ya mabega yake, ambacho mpiga picha hakukikusudia: ukuta, nguzo ya taa, kisiwa kidogo kwa mbali, usukani wa gari linalopita. Masimulizi ya ukoo yana heshima yake, lakini ni bora yaje baada ya ukuta.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzibandua. Nilitaka kuona migongo ya picha, kwa kuwa huko ndiko hukaa mihuri ya studio na maandishi ya kalamu ya risasi. Wengi watakushauri uziweke juu ya mvuke wa birika, nami nasema usithubutu. Uso wa picha za zamani una utando wa jelatini ambao ukipata unyevu huvimba, hunata, na hatimaye huchunika pamoja na sura za watu. Nilingoja kaskazi, Januari na Februari, wakati mvua ni haba na hewa ya pwani imepungua unyevu kidogo, kisha nikapitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno kati ya karatasi na picha, polepole kutoka pembe moja hadi nyingine. Baba alikuwa ametumia gundi ya unga, na mende walikwisha kula sehemu yake, kwa hivyo nyingi ziliachia bila kuraruka. Zile ambazo hazikuachia nimeziacha zilipo. Kabla ya kuzigusa nilikuwa nimezipitisha zote kwenye skana kwa nukta 1,200 kwa inchi. Picha hizi ni ndogo, za sentimita 6 kwa 9, zilizosafishwa moja kwa moja kutoka kwenye filamu bila kukuzwa, na kwa sababu hiyo zimehifadhi mambo madogomadogo ambayo jicho halioni mpaka uyakuze kwenye kompyuta.

Migongo ilikuwa na maandishi machache, karibu yote kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wengi waliosoma chuoni, yaani madrasa, kabla ya kusoma skuli. Hapo ndipo uliponikabili mgogoro wa Kilwa. Picha moja inamwonyesha baba amesimama kando ya lori, na nyuma yake pana mto mkubwa na daraja refu la chuma lililokaa juu ya maji. Mgongoni mwa picha hiyo baba aliandika kafu, lamu, wau na alifu, bila kutia irabu. Ami yangu, alipokuwa hai, aliisoma bila kusita. "Hapo ni Kilwa, mwanangu. Soma mwenyewe." Alikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwani babu yetu alichukuliwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi, katika vita vya kwanza, vile vya Mjerumani, na Waingereza waliitwaa Kilwa mwaka 1916 na kuitumia kuwa kituo chao cha kusini. Kwa hivyo jina la Kilwa lilikuwa tayari ni jina la vita nyumbani mwetu, na vita vya babu na vya baba vilikwisha kuchanganyika vinywani mwa wasimulizi.

Lakini Kilwa, iwe Kisiwani, Kivinje au Masoko, iko baharini, na picha ina mto. Ukingo wa pili una vilima vyenye msitu mzito, na mkondo wa maji unaonekana ukigonga maboya yaliyobeba daraja. Nilipokuza picha, nikaona kwenye bawa la lori alama ya kichwa cha kifaru. Hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo iliundwa mwaka 1943, ikafanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha ikaingia Burma mwaka 1944. Kuanzia hapo jina lilijisoma lenyewe. Ni Kalewa, mji mdogo ulio kwenye mto Chindwin, ambao askari wa Afrika Mashariki waliufikia mwanzoni mwa Desemba 1944 baada ya kushuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Asia, matope, malaria na homa ya utitiri wa vichakani. Herufi ni zilezile nne. Irabu ndizo zilizomhamisha baba kutoka Burma hadi pwani ya Tanzania.

Daraja lenyewe lilinipa uhakika. Ni daraja la Bailey, ambalo huunganishwa kwa fremu za chuma, kila moja ikiwa na urefu wa futi 10, na kwa kuwa fremu zote ni sawa, mtu anaweza kuzihesabu pichani na kukadiria urefu wa sehemu inayoonekana. Katika picha ya baba zinahesabika zaidi ya hamsini kabla daraja halijafichwa na bodi la lori, na bado ukingo wa pili uko mbali. Wahandisi walijenga daraja la Bailey la kuelea pale Kalewa mnamo Desemba 1944, lenye urefu wa futi 1,154, yaani takribani mita 352, na wakati huo ndilo lililotajwa kuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Hakuna daraja jingine lililo katika njia aliyopita baba ambalo lingeweza kuijaza picha ile kwa namna hiyo.

Nimekaa sana na Kalewa kwa sababu ndiyo iliyobishaniwa zaidi, lakini picha iliyonifurahisha ni ya mbuyu. Askari sita wamelizunguka shina huku wamenyoosha mikono, kila mmoja ameushika mkono wa mwenzake, na ncha zote mbili za mstari wao zinaishia pale shina linapopinda kwenda nyuma. Mtu wa Mombasa akiiona picha hii hawezi kufikiri mahali pengine ila nyumbani. Mibuyu tunayo Mbaraki, na tunayo kando ya bahari katika barabara ya Mama Ngina, ambayo enzi hizo ikiitwa Azania Drive. Kila aliyeonyeshwa alisema ni pale, na wengine walinielekeza hadi mti wenyewe.

Urefu wa mikono ya mtu mzima iliyonyooshwa hukaribia mita 1.7. Watu sita hufanya kama mita 10, na hiyo ni nusu tu ya shina, ile inayoonekana. Mzingo wote basi unakaribia mita 20. Huo ni mbuyu mkubwa mno, ingawa kipimo peke yake hakithibitishi kitu, na aina ya mti haisaidii pia kwa kuwa ni mbuyu uleule wa kwetu. Nilichokitafuta ni barabara. Mti umesimama katikati ya njia, si kando yake, mahali ambapo barabara pana inafika ufukweni. Gari dogo la kiraia linalopita kushoto mwa picha lina usukani upande wa kushoto. Na kwenye ubao wa duka, nusu yake ikiwa imefichwa na bega la askari wa mwisho, zinasomeka herufi ACIE, ambazo ndizo mwisho wa neno la Kifaransa la duka la dawa.

Mbuyu huo uko Majunga, au Mahajanga kama unavyoandikwa leo, kaskazini magharibi mwa Bukini, yaani Madagaska. Unasimama mwisho wa barabara iliyoitwa Avenue de France, karibu na bahari, na mzingo wake hutajwa kuwa takribani mita 21. Majeshi ya Uingereza yalishuka Majunga tarehe 10 Septemba 1942, katika vita vya kuiondoa serikali ya Kifaransa iliyokuwa chini ya Vichy, yaani utawala wa Ufaransa ulioshirikiana na Ujerumani, na kutoka hapo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele kuelekea mji mkuu, Tananarive, ambao leo ni Antananarivo. Nafikiri, na hili ni la moyoni mwangu tu, kwamba askari wale wa pwani waliuzunguka mti ule kwa sababu ileile iliyowafanya ndugu zangu waseme ni wa Mombasa.

Baada ya Majunga, picha nyingine za Bukini zilifuatana zenyewe. Kuna ya daraja la kuning'inia ambalo sehemu yake ya katikati imelala mtoni: ni Betsiboka, ambako Wafaransa walikata kamba za daraja ili kuwazuia waliokuwa wakija. Kuna ya ziwa lenye mnara katikati yake, na juu ya kilima kasri la mawe lenye minara minne kwenye pembe: ni Tananarive, ziwa ni Anosy na kasri ni la malkia, na mji huo ulitwaliwa tarehe 23 Septemba 1942. Anayetaka kulinganisha picha kama hii na za leo akumbuke kwamba kasri liliungua mwezi wa Novemba 1995 na kujengwa upya baadaye, hivyo paa la sasa si lile aliloliona baba. Ya tatu ina ghuba tulivu na kisiwa kilichochongoka katikati ya maji. Hiyo haikunichukua muda, kwani Nosy Lonjo, katika ghuba ya Diego Suarez, hakifanani na kisiwa kingine ninachokijua, na brigedi hiyohiyo ilifika huko Juni 1942, kabla ya Majunga.

Ceylon ilikuwa ngumu zaidi kuliko nilivyotazamia, na sababu yake ilikuwa ya kiufundi. Picha moja ina askari wawili mbele ya jengo la pembe nane lenye paa lililochongoka, na chini yake ukuta mfupi mweupe uliokatwa juu kama mawimbi, wenye matundu madogo ya kuwekea taa za mafuta. Anayejua Kandy atasema mara moja kwamba ni Hekalu la Jino la Buddha. Tatizo ni kwamba mtu akisimama mbele ya lango la hekalu, jengo la pembe nane huwa kuliani kwake, na katika picha ya baba liko kushoto. Nilizunguka hekalu zima kwenye Google Earth nikitafuta pembe ambayo ingeliweka upande huo pamoja na lango lionekane, na haipo. Jibu lilikuwa kwenye mashati. Vifungo vya askari wote wawili vimefungwa upande wa kike, na mfuko wa kalamu wa mmoja wao, ambao katika picha nyingine uko kifuani kushoto, hapa uko kulia. Msafishaji aliigeuza filamu. Nilipoigeuza kwenye kompyuta, kila kitu kikakaa mahali pake. Tangu hapo huangalia vifungo kabla ya kuangalia mandhari.

Picha nyingine ya Ceylon ni ile tuliyokuwa tukiiita ya Bombay. Baba na wenzake wawili wamevaa kofia zao za jeshi na wamesimama mbele ya msikiti wenye mistari ya kulala, mmoja mweusi na mmoja mweupe, kuanzia chini hadi kwenye kuba. Jina la Bombay lilitokana na fikra kwamba msikiti wa namna hiyo hauwezi kuwa ila Bara Hindi. Ni msikiti wa Jami Ul-Alfar ulioko Pettah, Colombo, uliokamilika mwaka 1909, ambao matofali yake ni mekundu na meupe, na wekundu katika filamu za enzi hizo ulitoka mweusi. Watu wa Colombo huuita Msikiti Mwekundu. Yeyote anayemjua kijana wa Mombasa aliyefika mji wa kigeni wenye bandari anajua kwamba siku yake ya kwanza ya mapumziko ataulizia msikiti uko wapi, na kwa hiyo sikushangaa hata kidogo kumwona baba pale.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi ya picha zenyewe, zipo shajara za vita ambazo kila kikosi kiliandika siku kwa siku. Zinahifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London: za majeshi yaliyokuwa Bukini ziko katika fungu la WO 174, na za Asia ya Kusini Mashariki ziko katika WO 172. Shajara hazitaji majina ya askari wa kawaida, na za madereva zimejaa hesabu za mapipa ya petroli, lakini zinasema kikosi kilikuwa wapi tarehe gani, na hiyo inatosha kuthibitisha au kuvunja dhana. Jumba la makumbusho la Imperial War Museum nalo limeweka mtandaoni picha nyingi za Bukini na Burma, ambazo zinafaa sana kwa kulinganisha kuta na madaraja. Hapa kwetu iko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Lakini nashauri mtu aanze na picha, kwa sababu shajara bila namba ya kikosi ni bahari isiyo na ufuo, na namba hiyo mara nyingi imo pichani, imepakwa rangi kwenye mlango wa lori.

Imebaki picha moja ambayo bado tunabishana. Ni ya meli kubwa ya kijivu iliyofunga gatini, na mbele yake askari wa mizinga wamepanga mizigo. Mahali ni Kilindini, na juu ya hilo hakuna ubishi: mabanda ya gati za kina kirefu, zilizoanza kutumika mwaka 1926, yanaonekana wazi, na ng'ambo kuna minazi ya Likoni. Kilindini ya wakati huo haikuwa bandari ya kawaida, kwani mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo na Trincomalee kutoka angani, meli za kivita za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia hapa, na skuli ya Allidina Visram ikageuzwa kuwa kituo cha kunasa na kufumbua simu za siri za Wajapani. Dada yangu anashikilia kwamba meli hiyo ni Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini kwenda Colombo mwanzoni mwa Februari 1944 ikiwa imebeba, pamoja na wengine, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na tarehe 12 Februari ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa vijana waliopanda kutoka hapa.

Naelewa kwa nini anataka iwe ndiyo. Baba alikuwa na rafiki katika mizinga ambaye hakurudi, na picha ya meli bila jina haimfai mtu kitu. Lakini hakuna jina linalosomeka kwenye ubavu wa meli, kama ilivyokuwa desturi wakati wa vita, hakuna tarehe, na vikosi vya mizinga vilipanda meli nyingine nyingi katika gati zilezile. Picha inasema Kilindini, na haisemi zaidi.

Sasa nimezitia picha katika bahasha za karatasi zisizo na asidi, na maandishi nimeyaweka juu ya bahasha, si nyuma ya picha. Kila moja ina neno moja kati ya matatu: hakika, yaelekea, au haijulikani, pamoja na sababu yake, ili wajukuu wakitaka kunipinga wajue wapi pa kuanzia. Kalewa, Majunga, Kandy na Pettah ni hakika. Meli nimeiandikia hakika kwa mahali na haijulikani kwa jina. Dada yangu ameandika Khedive Ismail kwa wino chini ya nakala yake, ameitia kwenye fremu, na tumekubaliana kwamba kila mmoja wetu abaki na nakala yake.